Amani, Magamba au Mandara? Matembezi mafupi ya mlimani kwa anayetokea Tanga

Kila mwaka jua la Februari likishawaka, swali ni lile lile: twende wapi tukatembee mlimani, tupate msitu na ubaridi, bila kumaliza likizo nzima? Wengi hapa Tanga hujibu Kilimanjaro kabla hujamaliza kuuliza, kwa sababu jina ni kubwa. Mimi nasema kwanza tupige hesabu ya saa. Matembezi mafupi huharibiwa na barabara kuliko yanavyoharibiwa na mlima. Ukikaa kwenye basi saa saba ili utembee saa tano, uwe unajua kwa nini umekwenda mbali kiasi hicho, na uwe umepanga mahali pa kulala.

Nalinganisha hapa njia tatu ambazo mtu mwenye raba nzuri na pumzi ya kawaida anaweza kuzimaliza kwa siku moja. Ya kwanza ni kilima cha Mbomole, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza. Ya pili ni msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto. Ya tatu ni njia ya Marangu kule Kilimanjaro, kutoka getini hadi vibanda vya Mandara, kisha mbele kidogo hadi kreta ya Maundi. Mbili za kwanza zinakupa msitu. Ya tatu inakupa msitu, halafu msitu unakatika na unatokea kwenye nyika ya juu, nchi ya vichaka vya erika, nyasi ngumu na upepo. Kama unachotafuta ni ule uwazi, soma sehemu ya Maundi kwa makini, maana huku kwetu Usambara hutaupata.

Barabara kwanza

Amani ndiyo pekee inayoruhusu waja leo waondoka leo. Tanga hadi Muheza haifiki kilomita 40, lami tupu. Kutoka Muheza unaacha lami na kupanda kama kilomita 30 za udongo, ukipita Sigi ambako ndiko kwenye lango la hifadhi. Mwenye gari lake lenye tumbo la juu, akitoka mjini saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu yuko Amani anafunga kamba za viatu. Asiye na gari ana kazi zaidi. Magari ya kwenda Muheza hayakosekani, lakini ya kutoka Muheza kupanda Amani ni machache, na kwa kawaida hupanda mchana na kushuka alfajiri. Kwa hiyo anayetegemea usafiri wa umma ahesabu kulala huko. Bodaboda zipo na zinapanda, ila mvua ikinyesha udongo ule mwekundu unateleza vibaya. Siku kama hiyo simshauri mtu apande bodaboda, hasa akiwa na mtoto.

Magamba ni safari ya Segera, Korogwe hadi Mombo, kisha unaacha barabara kuu na kupanda kilomita 33 hivi kupitia Soni hadi Lushoto. Ni lami mpaka mjini, lakini kona zake ni kali, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Anayetapika garini akae mbele, na asile wali wa Mombo kabla ya kupanda. Kwa basi, hesabu saa nne hadi tano kutoka Tanga. Msitu wenyewe uko kilomita chache tu kutoka Lushoto mjini, kwa hiyo ukilala mjini, kesho yake asubuhi unaanza kutembea ukiwa na nguvu zote. Usiku mmoja unatosha.

Marangu ni mbali, zaidi ya kilomita 300. Unapita Same na Mwanga hadi Himo. Huna haja ya kufika Moshi mjini, unashuka Himo na kukata kulia kupanda Marangu. Siku ya kwanza yote ni ya safari, ya pili ni ya kutembea, ya tatu ni ya kurudi. Sijui njia ya kuipunguza hesabu hiyo bila kuumia. Anayekwambia mtaondoka Tanga usiku, mtembee asubuhi na mrudi jioni hiyo hiyo, anakupeleka ukalale msituni kwa uchovu.

Msitu na msitu havifanani

Watu husema "msitu" kana kwamba ni kitu kimoja. Hii mitatu ina tofauti kubwa, na kwa mtu anayependa kuangalia, tofauti hiyo ndiyo sababu ya safari.

Amani ni msitu wa joto na maji. Hifadhi inaanzia chini, kwenye mita 190 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupanda hadi 1,130. Usambara Mashariki ndiyo ukuta wa kwanza unaokutana na upepo wa Bahari ya Hindi. Upepo ukipanda unapoa na kuacha maji yake hapo, ndiyo maana kule kuna mvua hata miezi ambayo mjini vumbi linatimka. Maji ya bomba tunayokunywa Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, na Mabayani inalishwa na Mto Zigi ambao chimbuko lake ni milima hiyo. Anayekwenda Amani anakwenda kuona maji yake yanakoanzia.

Njia ya Mbomole ni fupi na ya kupanda taratibu, inayoanzia karibu na kijiji cha Amani. Ukifika juu unaona msitu ukiwa umekunjamana bonde baada ya bonde, na katikati yake mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa. Ukishuka, tenga muda wa shamba la mimea ambalo Wajerumani walilianzisha mwaka 1902 walipojenga kituo chao cha utafiti wa kilimo. Walileta miti kutoka pande nyingi za dunia, ikiwemo mkwinini, ambao magome yake ndiyo yaliyotoa dawa ya malaria. Mingine imebaki pale pale ilipopandwa. Mingine ilitoka na kuvamia, kama Maesopsis, ambao leo utauona umesimama kila mahali msitu wa asili ulipowahi kukatwa. Mwombe mwongozaji akuonyeshe tofauti, na ukishaujua huo mti utauona njia nzima.

Kuna kitu kingine kidogo sana ambacho wengi hukipita. Kwenye miamba yenye kivuli, karibu na maji, tafuta mmea mfupi wenye majani ya mviringo yaliyobandikana na jiwe. Sogea karibu: majani yana manyoya laini, na ua lake ni la zambarau lenye vidoa vya njano katikati, saizi ya ukucha wa dole gumba. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia. Leo uko madirishani Ulaya na Marekani, umezalishwa kwa rangi za kila aina, na asili yake ni huku kwetu. Usiung'oe. Makazi yake ya porini yamebaki machache, na ukiupeleka mjini kwenye joto la pwani utakufa tu.

Magamba ni msitu wa baridi, kati ya mita 1,650 na 2,300 hivi. Hapa hakuna ule unyevunyevu wa jasho. Miti ni minene na mirefu, na mkubwa wao ni mkulo, ambao ubao wake unanukia kafuri. Kwa miaka mingi ulivunwa sana kwa mbao. Njia ya kawaida hupita kwenye mabaki ya kiwanda cha mbao cha enzi ya Wajerumani, na kwenye mapango waliyoyachimba kujihami wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakati huo Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Mbega wapo, na ukisikia kelele nzito ya kukoroma juu ya miti kisha ukaona ndege mwenye mbawa nyekundu akiruka kutoka tawi hadi tawi, huyo ni shorobo. Mzunguko mzima huchukua saa tano hadi sita kwa mwendo wa kuangalia angalia.

Kwa msitu mtupu, nikiambiwa nichague mmoja, ninachagua Magamba kwa kutembea na Amani kwa kujifunza. Magamba unapiga hatua ndefu, hewa nyepesi, huchoki haraka. Amani unasimama kila dakika tano kwa sababu kuna kinyonga, au kuna kipepeo, au mwongozaji amekunja jani la mdalasini akuambie unuse.

Msitu wa Marangu unaanza palipoishia vihamba vya Wachagga, migomba na kahawa. Geti liko kwenye mita 1,860 hivi, na Mandara iko karibu mita 2,700. Ni kilomita 8 hivi za kupanda, saa tatu hadi nne kwa mtu asiyekimbia, na njia ni pana na imetunzwa vizuri kuliko zote hizi tatu. Kima na mbega ni wengi. Kando ya vijito kuna ua jekundu lenye njano kwenye ncha, lililopinda mfano wa mkonga wa tembo, Impatiens kilimanjari, ambalo haliko mlima mwingine wowote duniani. Kadiri unavyopanda miti inafupika na matawi yanajaa kuvumwani ya kijivu inayoning'inia kama ndevu za mzee. Hiyo ni dalili kwamba unaikaribia nyika.

Nyika ya juu, na kwa nini Maundi

Mandara yenyewe bado iko ndani ya msitu. Watu wengi wanaokwenda kwa siku moja hufika pale, wakala chakula chao mbele ya vile vibanda vya mbao vyenye paa la pembe tatu, wakapiga picha na kugeuza. Wamekosa kilichowaleta. Kutoka Mandara hadi kreta ya Maundi ni dakika 15 hadi 20 tu. Katika dakika hizo msitu unaisha.

Maundi ni shimo la volkano ndogo ya pembeni, lililozibwa na nyasi. Ukisimama ukingoni mwake asubuhi ambayo mawingu hayajapanda, upande mmoja una Mawenzi, mita 5,149, imechongoka na kuvunjika, na nyuma yake Kibo ya mita 5,895. Upande mwingine ardhi inateremka hadi tambarare za Kenya. Mbele yako, kuelekea Horombo, kituo cha vibanda kinachofuata baada ya Mandara, ndiyo nyika. Gusa erika iliyo karibu: majani yake ni membamba mno, magumu, yamejikunja kuzuia maji yasipotee, kwa sababu huku juu jua la mchana ni kali na usiku ni baridi ya kuuma. Kati ya vichaka kuna nyasi za mashungi na maua ya rangi ya moto yaliyosimama wima kwenye bua moja. Hakuna kivuli. Upepo unasikika, kwa sababu hakuna miti ya kuuzuia.

Nyika hiyo inaungua kwa urahisi kuliko inavyoonekana. Moto mkubwa wa Oktoba 2020 ulianzia eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, na vichaka vya erika viliwaka siku nyingi huku wanafunzi na wananchi wakipanda kusaidia kuuzima. Kwa hiyo sigara na kiberiti viache hotelini. Nasema hivi kwa uchungu, maana erika ikiungua sana huchukua miaka mingi kurudi kuwa mti.

Kuna wanaoshauri uwanda wa Shira, upande wa magharibi wa mlima, kwa sababu gari linafika juu na nyika ni kubwa zaidi. Ni kweli ni kubwa. Lakini uko kwenye mita 3,500 na zaidi, na mtu aliyelala Tanga jana, kwenye usawa wa bahari, hana damu iliyojiandaa kwa mwinuko huo. Kwa matembezi mafupi ya watu wa pwani sikubaliani na shauri hilo.

Na kama unataka uwazi lakini huna siku tatu? Nenda Lushoto, na siku ya pili tembea hadi Irente. Ni kilomita 5 au 6 kutoka mjini, ukipita katikati ya vijiji na mashamba ya mboga. Ghafla ardhi inakatika, unasimama juu ya genge ukiona tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge mamia ya mita chini yako. Si nyika ya juu, hakuna erika wala ule ukimya, ila macho yanapata nafasi. Njiani kuna shamba la Irente, wanauza jibini na mkate wao wenyewe. Msimu wa matunda, watoto watakuuzia plamu na pea kwa bei ambayo Tanga hutaisikia.

Baridi, kichwa na mvua

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Siku ambayo Tanga ni nyuzi 30, Amani kijijini ni kama 24, ndani ya Magamba ni 18, Mandara ni 14, na hapo upepo haujaanza. Amani koti jepesi la mvua linatosha. Magamba beba sweta, na Juni hadi Agosti beba na kofia ya sufu, wenyeji wa Lushoto wenyewe wanavaa makoti mazito miezi hiyo. Mandara beba vyote hivyo na glavu. Mitumba ya hapa mjini ina makoti ya kutosha, maana mtu wa pwani hayanunui.

Kichwa kuuma na kichefuchefu kwa sababu ya mwinuko huanza kuwapata baadhi ya watu kuanzia mita 2,500. Amani na Magamba usiwaze habari hiyo. Mandara iwaze. Kulala Marangu usiku uliotangulia kunasaidia mwili, kunywa maji mengi kunasaidia, na kupanda polepole kunasaidia zaidi. Kichwa kikizidi, dawa ni kushuka, hata kama zimebaki dakika kumi kufika.

Masika, Machi hadi Mei, acha zote tatu. Vuli inategemea. Juni hadi Septemba na Januari hadi Februari ndiyo miezi mizuri kwa Magamba na Marangu. Amani haina mwezi wa kuaminika kabisa, huko mvua inaweza kukukuta siku yoyote, na baada ya mvua siafu wanatoka. Chomeka suruali ndani ya soksi na uangalie unapokanyaga. Mbu wa malaria ni wa kufikiria huko chini Sigi, si Magamba.

Kibali

Amani na Magamba ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kilimanjaro iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Zote tatu zina kiingilio, Mtanzania analipa kwa shilingi na kwa bei ya chini sana kuliko mgeni, ilimradi aonyeshe kitambulisho. Kilimanjaro ndiyo ghali kuliko zote na ndiyo yenye masharti mengi: huingii bila mwongozaji aliyesajiliwa, na mgeni wa siku moja lazima awe ametoka kabla ya jioni. Malipo ni kwa namba ya malipo, kwa simu au benki, kwa hiyo uliza bei ya sasa na ulipie mapema. Usitegemee mtandao wa simu mbele ya geti.

Nani aende wapi

Ukiwa na mama mtu mzima au watoto wa shule ya msingi, Amani. Njia ni fupi, mwinuko hausumbui, na mtu akichoka kuna bustani ya kukaa. Kama mna siku mbili, laleni huko huko mpande Mbomole alfajiri, kabla jua halijainua ukungu kutoka mabondeni. Mkirudi nunueni machungwa Muheza.

Kundi la vijana wenye wikiendi moja, au mtu aliyechoka na kazi anayetaka kutembea hadi miguu ihisi, Magamba, na Irente siku ya pili. Kwa fedha, muda na kile unachokipata, hii ndiyo ninayowashauri watu wengi zaidi. Kilimanjaro haiwezi kushindana nayo kwa saa: unatembea siku mbili nzima kwa safari ya saa chache.

Mandara ni ya yule ambaye nyika yenyewe ndiyo anayoitaka, na yuko tayari kutoa siku tatu kwa ajili yake. Na huyo nampa ratiba: uwe getini saa mbili asubuhi, Mandara kabla ya saa sita, usikae kula pale, nenda Maundi moja kwa moja, maana mawingu ya mchana hufunga vilele. Kula ukingoni mwa kreta. Saa nane uanze kushuka.